Sufuria ya Samaki Ambayo Mama Haigusi

Mtaa wa Ziwani,
Safu ya tatu, mkabala na mfereji,
Nairobi.
Jumamosi, 12 Agosti 2023

Mpendwa shemeji Feza,

Pokea salamu zangu kabla ya kitu kingine chochote. Hujambo? Pacha wako hawajambo? Wameshaota meno, au bado wanaishi kwa maziwa na kelele? Na mume wako, kile kifua kilichomsumbua wakati wa vumbi kimetulia? Siulizi kwa desturi tu. Nataka kujua kweli, kwa sababu nitakayokuomba huko chini yanahitaji nyumba yenye afya.

Mimi mwili upo. Mgongo unalalamika kama mgongo wa fundi yeyote wa Gikomba anayetengeneza vitanda vya watu kulalia huku yeye analala vibaya. Baridi ya Agosti huku kwetu ni ile isiyo na mvua wala jua, inakaa tu mlangoni kama mgeni asiyesema amekuja kwa nini.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati tuna simu. Shida ni kwamba nyumba yetu ni chumba kimoja na kipande, na pazia halizuii maneno. Nimetoka nje mara tatu nikupigie. Ukiitika tu, "Shem, habari?" ulimi unaona haya, najibu "Nzuri sana," nakata. Kalamu haina haya. Halafu yule mama wa marobota ya mitumba anayevuka ziwa kuja Kalemie anaondoka Jumatatu, na ameapa hataiweka barua hii popote ila mkononi mwako.

Sasa kaa kitako, shemeji. Nimekudanganya tangu Mei. Kila Jumapili ukipiga nasema tuko salama. Kisha nampa mama simu, naye anasema, "Niko muzuri, mwanangu, niko muzuri." Tunakudanganya kwa zamu, kwa adabu kubwa, kama watu wanaopokezana mzigo.

Mama yenu hali. Sisemi anakula kidogo, nasema hali. Alipokuja Februari kumuuguza dada yako alikuwa mwanamke wa kubeba ndoo ya maji kichwani huku anazungumza na mtu wa upande wa pili wa barabara. Wiki iliyopita zahanati ilimpima kilo thelathini na nane. Muuguzi akanitazama kama mtu anayeuza chakula cha mama yake. "Mpeni anachopenda," akasema. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yangu ya pili, na ndiyo inayonishinda.

Nikueleze ilivyoanza. Tulipotoka Murang'a mwezi Aprili kumzika dada yako Sifa, mama alikaa wiki mbili bila neno. Siku moja mchana akaketi mlangoni akasema, si kwangu, akauambia ukuta: "Kama ningepata samaki ya kwetu, ya mawese na pilipili, pengine roho ingerudia." Mimi nikaichukua kama oda. Mteja amesema anataka kitanda, fundi anaenda kutafuta mbao.

Unajua mimi nimetoka wapi. Watu wa kwetu, samaki tulimhesabu katika ukoo wa nyoka. Bibi yangu aliishi miaka themanini na kitu bila kumgusa, na alijivunia jambo hilo kuliko mashamba yake. Dada yako ndiye aliyenifundisha kumla bila kufumba macho. Kupika hakunifundisha. Alisema jikoni mwake hapana nafasi ya mtu wa randa, kwa hiyo mimi nilikuwa nakaa upande wa pili wa pazia, nanusa, nangoja.

Nikaenda kwa Ooko, muuza samaki pale Gikomba ambaye meza yake niliitengeneza mimi. Nikamwambia nataka samaki wa Tanganyika.

"Omera, ndugu yangu, hapa ni Gikomba," akasema. "Kuna wa Victoria, na kuna wa Uchina anayesema ni wa Victoria. Chagua."

"Nataka aliyekaushwa kwa moshi."

"Wa moshi yupo. Ni mbuta. Lakini wewe Mkikuyu utamfanyia nini, utamtengenezea kabati?"

Soko zima lilicheka, nami nikacheka. Mara ya kwanza unaweza kucheka.

Mafuta ya mawese nilipata kwa kinyozi mmoja wa kwenu hapa Kariokor, anayeyauza ndani ya chupa za soda chini ya kiti cha kunyolea. Nikamwomba anielekeze kupika. Shemeji, aliongea nusu saa, akafumba macho, akalamba vidole visivyo na kitu. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua ameniambia namna ya kumla huyo samaki tu. Ya kupika hakujua hata neno moja. Alikuwa na mama yake, kama mimi nilivyokuwa na Sifa.

Basi nikajifunza kwa kuharibu. Mara ya kwanza niliyachoma mafuta mpaka yakapoteza wekundu, moshi ukajaa, jirani akaja na ndoo. Mara ya pili sikumloweka samaki, akawa kama ubao wa mninga. Mara ya tatu pilipili ilipasuka ndani ya mchuzi, nikaonja, nikalia machozi ambayo kwa mara ya kwanza tangu Aprili yalikuwa na sababu nyepesi. Nikanunua daftari. Nikaandika: maji ya vuguvugu, dakika ishirini, toa miiba. Mawese yapate moto yasitoe moshi. Kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, nyanya chungu. Pilipili nzima, ielee juu, isiguswe na mwiko. Mimi sikuvuka darasa la saba, lakini kila nilichokijua katika maisha nilikijua hivyo, kwa kuharibu mbao za watu.

Na kila nilipomaliza nilimpakulia mama, nikaweka sahani mbele yake pamoja na ugali, nikavuta stuli nikaketi nimtazame. Alitazama sahani. Akanawa mikono. Akasema, "Asante, baba. Minashiba."

Ameshiba. Tangu asubuhi hajala kitu, ameshiba.

Nikafikiri ni kupika kwangu. Mara ya saba, ilikuwa Alhamisi moja mwezi Juni, nilionja kwa kijiko, nikarudia kuonja. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Ilikuwa ile ya Sifa, ile ya siku alipokuwa na furaha, na harufu ilikuwa imejaa nyumba mpaka nikageuka kuangalia pazia. Nikampelekea mama. Akaivuta harufu kwa nguvu, Feza, nilimwona, pua zikafunguka, macho yakajaa maji. Nikajua leo ndiyo leo.

"Minashiba, baba."

Nilikula mimi sufuria nzima nikiwa nimesimama jikoni, kwa hasira. Nisamehe kwa kukwambia.

Kuanzia hapo nikazidisha. Nilikuwa narudi kutoka kazini saa kumi na moja. Nikaanza kufunga karakana saa sita ili nile naye, asile peke yake kama yatima. Wateja wakanuna, nikawaambia vitanda vinaweza kungoja, watu walilala chini miaka mingi kabla ya vitanda. Nikawa nakaa naye mchana kutwa. Nilijiona mkwe wa mfano. Na yeye akawa anapungua kama mshumaa.

Ni jirani yetu Jawahir aliyenifungua macho. Huyu ni mama wa Kisomali wa mlango wa pili. Anauza mashuka Eastleigh asubuhi, mchana yuko nyumbani, na maneno yake hayapitii mlango wa adabu, yanapitia dirishani. Wiki tatu zilizopita alinikuta mferejini, kwenye bomba la maji, naosha sahani ambayo haikuliwa.

"Fundi," akasema, "wallahi wewe unamuua yule mama."

"Mimi? Mimi ndiye ninayempikia!"

"Ndiyo. Na unakaa hapo unamkodolea macho kama askari wa kanjo wa jiji. Yeye ameniambia mwenyewe, tukianika nguo. Kwao mama mkwe hafungui mdomo kula mbele ya mkwe wake. Na chakula kilichopikwa na mkono wa mkwe, hicho ni aibu hata ya kutaja. Heri njaa, amesema. Zamani ulikuwa unaondoka asubuhi, basi anakuja kwangu, anakula mkate wa dukani na chai. Sasa wewe umehamia hapo na stuli. Saa ngapi ale?"

Shemeji, nilisimama pale na sahani mkononi maji yanatiririka, mpaka mtu wa nyuma akaniambia nifunge mfereji.

Mkate wa dukani! Kwa sababu hauna mkono wa mtu. Ndio uliokuwa unamshikilia, na mimi kwa wema wangu wa kufunga kazi saa sita nikamwibia hata ile saa moja ya kuula.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipaswa kujua. Sisi wa Murang'a tuna jambo hilo hilo. Babu yangu akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa anaingia shambani kwa watu kujificha, mzee mzima, amejibanza nyuma ya migomba. Tulikuwa tunamcheka. Lakini nyumba ya Ziwani haina migomba. Mimi, mama na dada yako tuliishi ndani ya chumba kimoja na kipande miezi miwili, na sikuwahi kuona tatizo, kwa sababu Sifa alikuwa katikati. Hata alipokuwa mgonjwa alijikongoja akapika, akabeba sahani akaipeleka upande wa mama, akarudi na yangu. Nilidhani ananipenda tu. Kumbe alikuwa ukuta, na alipoondoka mimi nikapita pale alipokuwa amesimama nikiwa na mwiko mkononi.

Nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Nilisema, basi, nitapika mimi, Jawahir abebe, aseme kapika yeye. Jawahir hakupenda. "Uongo wa chakula ni mbaya," akasema, lakini akabeba. Mimi nikajificha nje chini ya dirisha, nachungulia kama mwizi wa kuku.

Mama akaangalia sahani. Akachukua kijiko, akageuza kitunguu kimoja, akageuza kingine, akavipanga ukingoni. Akauliza taratibu, "Mama Jawahir, hii bitunguu ulipima na nini?"

Unajua mkono wangu. Siwezi kukata kitu bila kukipima kwa jicho. Vitunguu vyangu vyote ni sawa sawa kama misumari ya pakiti moja.

Akairudisha sahani. Akajifunika shuka, akageukia ukutani, na siku mbili hakwenda hata kwa Jawahir kunywa chai, kwa sababu sasa hata Jawahir alikuwa amemdanganya. Siku hizo mbili ndizo zilizotupeleka zahanati. Hiyo ni kazi ya mikono yangu, na siwezi kuibomoa nikaiunda upya kama meza.

Kusema naye siwezi. Hajawahi kunitamkia neno la aibu hiyo na hatanitamkia. Ananiita baba, ananiombea kila asubuhi kwa Kiswahili chenu kile kitamu, "Mungu amulinde huyu mutoto wa wenyewe," namsikia nyuma ya pazia. Hanichukii. Ingekuwa rahisi kama angenichukia. Anakufa kwa heshima, Feza, na heshima yenyewe ananipa mimi.

Nimeondoka nyumbani sasa. Nalala karakanani juu ya vitanda vya watu. Naleta samaki na mawese, nayaacha mlangoni, nabisha, naenda zangu. Jawahir ameomba msamaha kwa mama, akalia, mama akalia, wakasameheana kama wanawake wanavyojua, na chai imerudi. Lakini chai na mkate haviwezi kumrudisha kutoka pale alipofika, muuguzi amesema wazi. Na safari ya kumleta kwenu, mabasi mpaka Kigoma kisha boti, nimemuuliza muuguzi huyo, amekataa kabisa. Hafiki akiwa hai.

Leo Jawahir amekubali kupika. Yeye mwenyewe, mkono wake. Ninakuandikia nikiwa nje hapa karibu na mfereji, nimekalia debe, karatasi iko juu ya kipande cha ubao, na watu wa kuteka maji wanadhani natunga barua ya mapenzi. Sikuruhusiwa hata kuwasha jiko. Jawahir hapendi samaki na mawese hajawahi kuyashika, anaita mafuta ya kutu. Mama yuko kitandani anamwelekeza, na tangu nianze ukurasa huu nawasikia kupitia dirishani.

"Hapana, mama, acha! Usikoroge!"

"Nisipokoroga itaungua!"

"Itikise sufuria tu. Tikisa kama unalaza mutoto."

Sauti yake imekuwa nyembamba, lakini ni mara ya kwanza tangu Aprili naisikia ikimkemea mtu. Nisingependa kuitegemea sana. Nimeshategemea mara tisa.

Hata ikifaulu, Jawahir anaondoka mwisho wa mwezi huu kwenda Garissa. Binti yake anajifungua, na hatarudi mpaka arobaini iishe. Siku kumi na nane, nimezihesabu. Baada ya hapo kwenye safu hii hakuna mwanamke mwingine ambaye mama amemzoea, na mimi nitabaki na daftari la mapishi kamili na mkono usiofaa.

Ndiyo maana nakuomba, shemeji, na sijawahi kukuomba kitu tangu siku ile ya mahari mliponiambia niimbe nami nikakuomba uniokoe. Njoo. Najua kuna pacha, njoo nao. Najua hukuweza kuja kumzika dada yako kwa sababu ulikuwa umetoka kujifungua, na hakuna mtu aliyekulaumu. Lakini huyu bado hajazikwa. Wewe ndiye binti aliyebaki, na kwa mama mkono wako ni mkono wake mwenyewe. Nyumba ni yako na yake, mimi sitakanyaga ndani. Yule mama wa marobota amesema atarudi Nairobi kabla ya tarehe ishirini na nane na anaweza kusafiri nawe, atakusaidia na mtoto mmoja.

Na kama haiwezekani kabisa, kama njia zimefungwa, basi waulize wazee wenu kitu kimoja kwa niaba yangu. Mkwe akiwa amebaki peke yake na mama mkwe, hakuna mwanamke kati yao, kwenu hufanywa nini ili aibu iondolewe? Ni mbuzi? Ni kitenge? Ni maneno fulani ya kusema, na nani ayaseme? Lazima kipo kitu. Watu wenye akili ya kutengeneza mlango kama huo lazima walitengeneza na bawaba. Niambie, nitakitafuta hata kiwe wapi.

Subiri.

Sufuria imeteremshwa, nimesikia. Jawahir amesema, "Haya, mama, bismillahi." Nasikia kijiko kikigonga sahani. Kimegonga mara mbili, sasa mara ya tatu. Sijui kama anakula au anavipanga vitunguu ukingoni.

Siwezi kuinuka kuchungulia. Nikisogea hata kivuli changu kikapita dirishani, ataweka kijiko chini. Jawahir atatoka sasa hivi aniambie amekula, lakini Jawahir ana huruma, na sitajua kama ni kweli. Mimi ndiye mtu mmoja katika Nairobi hii nzima nisiyeruhusiwa kuona kama mama yangu amekula. Njoo uone wewe, Feza.

Nisalimie mume wako na umwambie kitanda cha pacha nitakitengeneza hapa hapa, asihangaike na cha huko. Nisalimie shangazi yenu Nyassa na wazee wote wa nyumbani. Jawahir anakusalimu ingawa hakujui. Mama hajui naandika. Salamu zake nazichukua mimi kutoka kwenye maombi yake ya asubuhi, ambamo jina lako huja la kwanza na langu la pili.

Mungu aliyewapa ziwa awape na njia ya kulivuka.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukungoja,

Wanyoike wa Sifa